Shamba la Katikati ni la Nani?

Chora mistari miwili ya wima, kisha miwili ya kulala inayoikata. Umeandika herufi ya Kichina inayosomwa jing, yaani kisima. Ukiizungushia mpaka, unapata viwanja tisa vilivyo sawa. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, mwanafalsafa Mencius alitumia umbo hilo kueleza jinsi ardhi ilivyopaswa kugawanywa. Familia nane zinapewa kila moja shamba lake la mu 100. Shamba la tisa, lile la katikati, si la yeyote kati ya hao wanane. Wote wanalilima pamoja, na hakuna anayegusa shamba lake mpaka kazi ya pale katikati iishe.

Shamba hilo Mencius aliliita la gong. Yale manane ya pembeni aliyaita ya si. Kwa Kiswahili cha leo tungesema shamba la umma na mashamba ya watu binafsi, kisha tuendelee na stori. Lakini hebu tusimame hapo kidogo, maana tafsiri hiyo inaficha kitu. Mavuno ya shamba la katikati yalikuwa yanaenda wapi? Hayakurudi kwa zile familia nane. Yalikuwa ushuru. Yalienda kwa bwana.

Na kumbe neno lenyewe lilianzia hapo hapo kwa bwana. Kwenye maandishi ya kale yaliyochongwa juu ya mifupa na vyombo vya shaba, gong ni cheo cha mkubwa, mzee wa ukoo unaotawala. Watawala wa majimbo waliitwa gong, na nyumba ya gong ilikuwa kasri. Hata leo Mchina akitaka kusema jogoo anasema kuku gong, na fahali ni ng'ombe gong. Polepole, kwa karne nyingi, neno lilihama kutoka kwa mtu mwenyewe kwenda kwa mali yake, kisha kwa shughuli za dola, kisha kwa haki isiyopendelea mtu, na mwishowe kwa kile ambacho ni cha wote. Lakini maana mpya zilipokuja, ile ya zamani haikuondoka. Zote zilibaki zikiishi nyumba moja.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Neno umma tulilitoa kwenye Kiarabu, na huko linamaanisha watu, jamii nzima. Ila mtaani ni nani anasema barabara ni ya umma? Tunasema ni ya serikali. Na serikali ni neno la asili ya Kiajemi lenye "kichwa" ndani yake: mkuu, msimamizi, bwana wa kazi. Kwa hivyo shamba la katikati tunalijua kwa majina mawili, na tunachagua jina kulingana na siku ilivyo.

Ninachotaka kusema ni hiki: sehemu kubwa ya fikra za siasa za Uchina, kutoka enzi za Mencius mpaka kwenye mahakama za Beijing za juzi tu, inaweza kusomwa kama ugomvi juu ya shamba hilo. Mwenye nguvu anasema gong akimaanisha "changu", huku akitaka wengine wasikie "chetu". Na waliothubutu kutenganisha maana hizo mbili waliumia.

Mzee aliyempendekeza adui yake

Tuanze na upande mzuri wa neno, kwa sababu upo. Lüshi Chunqiu ni kitabu kilichoandaliwa na wasomi wa Lü Buwei, waziri mkuu wa dola ya Qin, karibu mwaka 239 KK. Kina sura nzima ya kusifia gong, inayotoa hoja kwamba dunia si mali ya mtu mmoja bali ni ya wote walio ndani yake. Kina pia kisa cha mzee Qi Huangyang.

Mtawala wa Jin, ambaye cheo chake kilikuwa gong, alimuuliza mzee huyo ni nani anayefaa kusimamia wilaya ya Nanyang. Mzee akamtaja jamaa aitwaye Xie Hu. Mtawala akashangaa: huyo si adui yako? Mzee akamwambia kwamba ameulizwa nani anafaa, hakuulizwa adui yake ni nani. Baadaye mtawala akatafuta mtu wa cheo cha kijeshi. Mzee akamtaja Wu. Mtawala akashangaa tena: huyo si mtoto wako wa kumzaa? Jibu likawa lile lile. Ameulizwa nani anafaa, hakuulizwa mtoto wake ni nani.

Mtu yeyote aliyewahi kupeleka barua ya kuomba kazi mahali ambapo nafasi ilishatolewa kwa mpwa wa mtu anaelewa kwa nini kisa hiki kimesimuliwa zaidi ya miaka 2000. Gong hapa ni kutopendelea. Ni kupima kwa mizani moja, awe adui au awe mtoto.

Ila katika zama hizo hizo, mwandishi mwingine alilichukua neno hilo akalipeleka mahali pakavu zaidi. Han Fei, aliyefariki gerezani Qin mwaka 233 KK, alidai kwamba aliyebuni maandishi ya Kichina aliandika si kama kitu kinachojizungusha chenyewe, na gong kama kitu kilichoipa si mgongo. Wataalamu wengi wa maandishi ya kale hawaikubali asili hiyo, lakini kama hoja ya siasa ilishika. Kwamba gong na si haviwezi kukaa pamoja. Ukijitunza wewe na wako, umeisaliti dola.

Han Fei alitoa mfano wa mtu wa jimbo la Chu ambaye baba yake aliiba kondoo. Kijana akaenda kumshtaki mzee wake kwa wakubwa. Waziri akaamuru kijana ndiye auawe, kwa sababu alikuwa mwaminifu kwa mtawala lakini mkosefu kwa baba. Confucius aliwahi kuulizwa juu ya kisa kama hicho, na msimamo wake ulikuwa kwamba baba na mtoto husitiriana, na uaminifu uko humo humo. Han Fei alikitumia kuonyesha kinyume. Mkimuua mtoto huyo, alisema, hakuna atakayeleta tena habari za wizi. Mwana mwema wa baba ni raia mbaya wa mtawala, na mtawala anayesifu wote wawili anajidanganya.

Angalia kilichotokea hapo. Kwa mzee Qi, gong ilikuwa kipimo ambacho hata mtawala alipaswa kukipokea. Kwa Han Fei, gong ni upande wa mtawala, basi. Familia, urafiki, dhamiri, hata kuhama vita ili umtunze baba yako mzee, vyote vimetupwa kwenye kapu la si. Mwaka 221 KK Qin ilimaliza kuzimeza dola nyingine zote, na mfalme wake, ambaye aliyapenda sana maandishi ya Han Fei, akajiita mfalme wa kwanza wa nchi yote.

Lakini ndoto ya zamani haikufa. Liji, mkusanyo wa maandishi ya Kikonfusio uliopangwa wakati wa utawala wa Han, una sehemu inayoeleza zama za Datong, Umoja Mkuu. Wakati huo, inasemekana, dunia ilikuwa gong. Viongozi walichaguliwa kwa uwezo wao. Watu hawakuwapenda wazazi wao tu wala kulea watoto wao tu. Wazee, wajane, yatima na wagonjwa walikuwa na wa kuwatunza, na milango haikufungwa usiku. Kisha zama hizo zikapita na dunia ikawa ya jia, yaani ya familia. Wafalme wakaanza kuwarithisha watoto wao nchi kama mtu anavyorithisha nyumba, na hapo ndipo kuta za miji, mahandaki na majeshi yalipohitajika.

Kwa hivyo ndani ya vitabu ambavyo kila ofisa alipaswa kuvisoma ili apasi mtihani wa serikali, kulikuwa na madai ya hatari sana: kwamba ufalme wa kurithi ni ishara kuwa mambo yaliharibika. Madai hayo yalilala pale karne na karne, yakikaririwa na watu waliokuwa wanalipwa na ufalme huo huo.

Kijana mwenye chuma mkononi

Huang Zongxi alizaliwa mwaka 1610. Baba yake, Huang Zunsu, alikuwa ofisa aliyethubutu kulaani kundi la towashi Wei Zhongxian, aliyekuwa akiendesha ikulu ya Ming atakavyo. Mwaka 1626 mzee huyo alifia gerezani. Miaka miwili baadaye, upepo wa siasa ulipogeuka, Huang kijana alisafiri mpaka Beijing kudai haki, na inasimuliwa kwamba mbele ya mahakama alimchoma kwa chuma chenye ncha mmoja wa waliohusika na kifo cha baba yake. Baadaye Wamanchu walipoiteka nchi, alipigana upande wa mabaki ya Ming, wakashindwa. Akarudi nyumbani kuandika.

Mwaka 1663 alimaliza kitabu kifupi, Mingyi Daifang Lu. Hoja yake ya kwanza inamgeuza Han Fei kichwa chini miguu juu. Mwanzoni, anasema, kila mtu alijitafutia chake, na hakuna aliyeshughulikia faida ya wote. Ndipo akatokea mtu aliyekubali kufanya kazi mara elfu zaidi ya wengine bila kufaidi yeye. Huyo ndiye mtawala wa asili. Ni kazi ngumu kiasi kwamba wengine waliikataa, na wengine waliifanya kisha wakaondoka. Lakini watawala waliofuata waliichukua nchi kama shamba lao kubwa la kuwaachia watoto na wajukuu. Waliwakataza watu wote kujitafutia chao, halafu tamaa yao wenyewe, ile kubwa kuliko zote, wakaipa jina la gong.

Soma tena hapo polepole. Huang hasemi kwamba mfalme ni mbinafsi. Hilo lilishasemwa na wengi. Anasema mfalme ameiba neno. Amechukua si yake akaibandika jina la gong, na mtu akitetea shamba lake dogo la pembeni anaambiwa ndiye mchoyo, ndiye adui wa wote. Bila mfalme wa namna hiyo, Huang anaongeza, angalau kila mtu angeweza kujitafutia riziki yake kwa amani.

Hakuishia kulalamika. Alitaka gong iwe na mahali pake pa kukaa, nje ya ikulu, na mahali hapo alipochagua ni shule. Jema na baya la nchi, aliona, lisiamuliwe na mfalme peke yake; liamuliwe hadharani shuleni. Mara moja kwa mwezi mfalme aende chuo kikuu cha taifa na mawaziri wake, akae mahali pa wanafunzi, amsikilize mkuu wa chuo akieleza makosa ya serikali bila kuficha. Wakuu wa wilaya nao wafanye vivyo hivyo kila tarehe mosi na 15 ya mwezi. Mimi chuo nilikiacha kabla ya kumaliza, na sijawahi kuona kiongozi akija kusikiliza darasani. Wakija, huja na maikrofoni. Ila wazo lenyewe bado linanishika. Shule, kwa Huang, ilikuwa na kazi mbili: kutoa watu wa kuajiriwa, na kumkumbusha mwenye nguvu kwamba ukweli hautoki kwake.

Rika lake, Gu Yanwu, aliyezaliwa mwaka 1613, aliongeza jambo ambalo mpaka leo naliona la akili sana. Watu, alisema, hupenda familia zao na watoto wao, ndivyo walivyoumbwa. Usipoteze muda kuwahubiria waache. Jumlisha hizo si za watu wote, na jumla yake ndiyo gong. Alipendekeza wakuu wa wilaya watoke karibu na kwao, wakae kazini muda mrefu, na wakifanya vizuri wakabidhi wilaya kwa mtoto au kwa mtu waliyemchagua wenyewe. Hapo mtu angeitunza wilaya kama anavyotunza shamba lake, badala ya kuhamishwa kila miaka michache akiwa hajui hata njia za vijijini. Unaweza kulipinga pendekezo hilo, na kuna mengi ya kupinga. Lakini shina lake ni hoja nzito: umma usiowajali watu mmoja mmoja hauna chochote ndani.

Kitabu cha Huang hakikusomwa na wengi enzi za Qing. Kilifufuka mwishoni mwa karne ya 19, pale wanamageuzi vijana Liang Qichao na Tan Sitong walipochapisha sehemu zake kwa siri na kuzisambaza. Tan alikatwa kichwa mwaka 1898, mageuzi yalipozimwa. Liang alikimbilia Japani.

Bustani, mtaro na daraja la Yokohama

Wakati huo gong ilikuwa imeanza kuvaa nguo nyingine, za kigeni. Mwaka 1868, kando ya mto Huangpu mjini Shanghai, Waingereza waliokuwa wakiendesha mtaa wa wageni walifungua bustani waliyoiita ya umma. Wachina walilipa kodi kwa halmashauri ya mtaa huo, na walikuwa wakazi wengi kuliko wageni wenyewe. Ila kwa miongo kadhaa hawakuruhusiwa kuingia, isipokuwa watumishi waliofuatana na Wazungu. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1928. Msomaji wa Nairobi hahitaji maelezo marefu hapo. Himaya ilikuwa ile ile, na ilijua kutumia neno "umma" huku ikihesabu ngozi.

Akiwa Yokohama, kuanzia mwaka 1902, Liang alichapisha mfululizo wa makala juu ya raia mpya. Maadili, alisema, yana pande mbili. Kuna side, maadili ya mtu na mtu: mtoto na baba, rafiki na rafiki. Na kuna gongde, maadili ya mtu kwa jamii nzima, hata kwa wale asiowajua. Wachina, kwa maoni yake, walikuwa matajiri wa la kwanza na maskini wa la pili. Mtu anaweza kuwa mwana bora, jirani mwema, asiyeiba wala kumtukana mtu, na bado nchi ikaanguka akiangalia, kwa sababu hajawahi kudhani nchi inamhusu. Kwa Liang, gong haikuwa tena cheo wala kasri. Ilikuwa deni ambalo kila mtu anadaiwa.

Mwaka 1903 alizunguka Marekani, akakaa San Francisco katikati ya Wachina wenzake, na kilichomkuta huko kilimkatisha tamaa. Aliona vyama vya ukoo na vya kijiji vikigombana, watu wakiwa na uhuru mkononi bila kuutumia kwa pamoja. Aliporudi aliandika upya, safari hii akitetea maadili binafsi aliyokuwa ameyapuuza: huwezi kumpata raia mwema kutoka kwa mtu asiyejua kuwa mwema nyumbani kwake. Gu Yanwu angetikisa kichwa kukubali.

Swali hilo lilimsumbua pia Fei Xiaotong, mwanasosholojia aliyeandika mwishoni mwa miaka ya 1940. Alitolea mfano miji ya kwao upande wa Suzhou, yenye mitaro ya maji mizuri inayosifiwa na kila mgeni. Watu wanafulia humo, wanaoshea mboga humo, na wanatupa kila uchafu humo humo. Mtaro ni wa wote, kwa hivyo kila mtu anajisaidia nao na hakuna anayeuangalia. Fei alieleza hali hiyo kwa picha ya jiwe lililotupwa majini. Mawimbi yanazunguka kutoka kwa mtu mwenyewe, kwenda kwa familia, ukoo, kijiji, yakizidi kufifia kadiri yanavyokwenda mbali. Popote unaposimama, ukiangalia ndani unaona gong, ukiangalia nje unaona si. Mtu anayeiibia nchi kwa ajili ya familia yake hajihisi mwizi hata kidogo. Anajihisi ametumikia umma wake.

Sufuria zilipoyeyushwa

Sun Yat-sen, rais wa kwanza wa muda baada ya ufalme kuanguka, alipenda sana kuandika kwa brashi herufi nne zilizotoka kwenye ile sehemu ya Datong, zinazotaja dunia kuwa gong. Zimo juu ya lango la kaburi lake Nanjing, na zimo pia juu ya lango la mtaa wa Wachina wa San Francisco, mji ule ule uliomvunja Liang moyo. Watalii wanapiga picha chini yake.

Waliolichukua neno hilo kwa uzito wa kutisha walikuwa wakomunisti. Mwaka 1958 Mao Zedong aliisukuma nchi kwenye komyuni, ambazo kwa Kichina ziliitwa gongshe. Sifa zake mbili ziliimbwa kila mahali: ukubwa, na kuwa gong. Katika miezi michache, kaya karibu zote za vijijini ziliingizwa kwenye komyuni zipatazo 26,000. Mashamba, mifugo, zana, hata vipande vidogo vya mboga nyuma ya nyumba vilihamishwa kwenda katikati. Majiko ya nyumbani yalizimwa, watu wakala kwenye mabwalo ya umma. Sufuria nyingi zilitiwa kwenye tanuri za mashambani kutafuta chuma.

Kwenye mchoro wa Mencius, ni kama mtu amefuta mistari yote akasema viwanja tisa sasa ni shamba moja la katikati. Lakini swali la kwanza halikufutika: mavuno yanaenda wapi? Maofisa walitoa ripoti za mavuno ya kufikirika, na dola ikachukua nafaka yake kulingana na ripoti hizo. Kati ya 1959 na 1961 watu walikufa njaa kwa idadi ambayo watafiti wanaikadiria kati ya milioni 15 na milioni 45. Mkulima aliyeficha gunia la mchele ili wanawe waishi alishtakiwa kwa kosa la si. Han Fei hakuwahi kuota kitu kama hicho. Huang Zongxi alikuwa ameshakieleza miaka 300 kabla.

Hata baada ya hapo, wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, watu waliambiwa wapigane na si iliyomo ndani ya vifua vyao, kana kwamba tatizo lilikuwa roho ya mkulima na si ghala la serikali.

Kilichofuata kilianza kimya kimya. Mwishoni mwa mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang mkoani Anhui, eneo lililokuwa limepoteza watu wengi kwa njaa, wakulima 18 walikutana usiku na kukubaliana kugawana ardhi ya komyuni, kila kaya na sehemu yake. Walitia alama za vidole. Wangetimiza fungu la serikali, na kinachobaki kingekuwa chao. Na kama viongozi wao wangefungwa au kuuawa, wengine wangewalea watoto wao mpaka wafikishe miaka 18. Mavuno ya mwaka uliofuata yaliongezeka sana, na mtindo huo baadaye ukawa sera ya nchi nzima. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 komyuni zilikuwa zimekwisha.

Stori hii mara nyingi husimuliwa kama ushindi wa si dhidi ya gong. Mimi siioni hivyo. Watu 18 wanaoahidiana kulea watoto wasio wao: hiyo ni nini kama si gong? Ila ilikuwa ya kutoka chini, ya watu wanaojuana, na haikuhitaji bwana wa kuitangaza.

Kosa la kuvuruga mahali pa umma

Neno la Kichina la raia ni gongmin, mtu wa gong. Mwaka 2003 Sun Zhigang, mbunifu wa picha mwenye umri wa miaka 27, alikamatwa mtaani Guangzhou kwa kukosa kibali cha ukaazi wa mjini. Siku chache baadaye alikuwa amekufa kizuizini, kwa kipigo. Gazeti la huko likaandika habari hiyo, nchi ikachemka, na wasomi watatu wa sheria wakaandikia bunge wakitaka kanuni hiyo ya kuwakamata wahamiaji ichunguzwe kama inaafiki katiba. Mwezi Juni mwaka huo huo serikali ikaifuta. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba Huang alikuwa amepata shule yake: magazeti, mawakili na watu wa kawaida kwenye intaneti, wakiamua jema na baya hadharani.

Mmoja wa wale watatu ni Xu Zhiyong. Shirika lake la msaada wa sheria, Gongmeng, lilifungwa mwaka 2009. Miaka mitatu baadaye alianzisha harakati ya raia wapya, ambayo jina lake linakumbusha makala za Liang. Walikutana kula chakula cha jioni wakijadili mambo ya nchi, walidai watoto wa wahamiaji waruhusiwe kufanya mitihani mijini wanakoishi, na walitaka maofisa waweke mali zao gongkai, yaani wazi mbele ya wote. Januari 2014 alihukumiwa miaka minne jela. Kosa lililoandikwa lilikuwa kukusanya watu na kuvuruga utaratibu mahali pa umma. Mahali pa gong. Alitoka, akaandika tena, akakamatwa tena, na mwaka 2023 akapewa miaka 14 kwa kosa la kutaka kupindua mamlaka ya dola.

Hivyo mtu aliyewaomba wenzake wawe watu wa gong amefungwa kwa kuivuruga gong, na polisi waliomkamata wanaitwa gong'an, usalama wa gong. Hakuna aliyekosea sarufi. Maana mbili za kale zimekutana mahakamani, moja ikiwa imekaa kwenye kiti cha hakimu na nyingine kizimbani.

Kuna watu husema kwamba Wachina hawana wazo la umma, kwamba ni jambo la Wagiriki na Wazungu ambalo wengine wanaliazima. Huo ni uvivu wa kusoma. Wanalo, limekuwa nao zaidi ya miaka 2000, na wamelipigania kwa namna ambayo ni wachache wamefanya. Walichokosa ni nafasi ya kudumu ya kumuuliza mwenye ghala. Na hilo halihitaji Kichina kulielewa. Siku ukisikia mkubwa yeyote akisema jambo fulani ni kwa maslahi ya umma, rudi kwenye ule mchoro wa viwanja tisa. Uliza nani analima pale katikati, na mavuno yanabebwa kwenda wapi. Kisha angalia kinachompata mkulima wa kwanza kuuliza swali hilo kwa sauti.